Pumzi ya Kompyuta: Hewa na Vumbi Ndani ya Kasha

Nataka kuwaeleza wenzangu, pamoja na wazee wetu waliokwisha kusoma hapa, jambo moja ambalo nimejifunza kwa hasara. Jambo lenyewe ni hewa na vumbi ndani ya kasha la kompyuta. Najua wengine watacheka, maana vumbi hapa Lumino ni kitu cha kila siku kama posho na maharagwe. Lakini atakayesoma mpaka mwisho huenda akaokoa mashine yake, na huenda akaokoa na mtihani wake pia.

Ilikuwa wakati wa mitihani ya majaribio. Kama mjuavyo, somo la kompyuta lina karatasi ya vitendo, na karatasi hiyo haifanywi kwa kalamu bali mbele ya mashine, na saa ikienda. Rafiki yangu mmoja, ambaye jina lake silitaji, alikaa kwenye mashine namba 7. Alikuwa amekwisha kupanga jedwali lake lote na kuanza barua, mara kioo kikawa cheusi. Umeme haukukatika, kwa kuwa jirani zake wa kulia na kushoto waliendelea na kazi. Akaiwasha tena. Ikakaa dakika tatu, ikazimika tena. Kazi ambayo alikuwa hajaihifadhi ikapotea yote. Alipotoka alikwenda kukaa chini ya mwembe, wala hakutaka kusema na mtu.

Mimi ndimi msimamizi wa chumba cha kompyuta. Siku ile nilimpa pole kama wengine wote. Jambo nisilomwambia ni kwamba mashine ile niliiharibu mimi mwenyewe.

Habari yenyewe ni hii. Mwanzoni mwa mwaka, katika jua kali la Februari, mashine zetu zilianza kuvuma kama nyuki, na ukigusa makasha yake ulihisi moto. Nikafikiri: mtu akiona joto huvua shati. Basi nikachukua bisibisi, nikaondoa vifuniko vya ubavuni katika mashine sita, namba 7 ikiwa mojawapo, nikaviweka kabatini. Juma la kwanza kelele zikapungua, nami nikajisifu mbele ya wadogo zangu wa Kidato cha Tatu. Kufika katikati ya muhula mashine zile sita zilikuwa mbaya kuliko zote. Hapo sikuelewa sababu. Nikasema labda zimezeeka.

Baada ya mtihani mwalimu wetu alinituma nipeleke namba 7 kwa fundi mjini Busia. Fundi yule hakuuliza maneno mengi. Alitoa feni iliyo juu ya prosesa, yaani ile sehemu ifanyayo hesabu zote za kompyuta, akanionyesha kilichokuwa chini yake. Pale pana kipande cha aluminiamu chenye mapezi membamba yaliyopangwa kama kurasa za kitabu. Mapezi hayakuonekana. Palikuwa na kitu chekundu kilichoshikana kama blanketi, hata aliweza kukibandua kwa kidole kipande kizima. Akaniambia, "Kijana, hii si kompyuta, hii ni barabara." Kisha akaniuliza ni nani aliyeondoa kifuniko. Nikanyamaza, naye akajua.

Yale aliyonieleza siku ile, pamoja na yale niliyoyasoma na kuyajaribu baadaye, ndiyo ninayotaka kuwaandikia.

Kwanza yafaa tujue joto latoka wapi. Umeme wote unaoingia katika kompyuta mwisho wake hugeuka joto. Haugeuki kuwa kitu kingine cha kubaki ndani. Kompyuta ya mezani kama zetu, ikifanya kazi pamoja na kioo chake, hutumia kiasi cha wati 100, basi ni kama balbu moja kubwa ya zamani iliyofungiwa sandukuni. Jambo hili si geni. Kompyuta maarufu ya ENIAC, iliyoonyeshwa kwa watu huko Marekani mwaka 1946, ilikuwa na valvu zaidi ya 17,000 na ilikula umeme wa kilowati 150, na hapana budi ipulizwe kwa mashine kubwa za upepo. Vyombo vimekuwa vidogo tangu siku zile, lakini sheria ya joto haikubadilika.

Joto hilo hutolewa na hewa. Prosesa hulipa joto lile kipande cha aluminiamu, mapezi huligawa kwa hewa inayopita katikati yake, na hewa huchukua mzigo ule kwenda nje. Hapa naomba wale wasiopenda hesabu wanivumilie kidogo. Kilo moja ya hewa yahitaji kama jouli 1,000 ili joto lake lipande digrii moja. Katika mahali petu, siku ya joto, lita 1,000 za hewa zina uzito wa karibu kilo moja. Basi lita moja ni karibu gramu moja. Ukipitisha lita 10 za hewa kila sekunde juu ya joto la wati 100, hewa ile itatoka ikiwa na joto la digrii 10 zaidi ya ilivyoingia. Ukipunguza hewa iwe lita 5, itatoka na digrii 20 zaidi. Ukiiziba iwe lita 2, ni digrii 50. Chumba chetu chenye bati saa nane mchana huwa na digrii 30. Jumlisheni wenyewe. Na kumbukeni kwamba hiyo ni hewa tu. Prosesa yenyewe huwa na moto zaidi ya hewa inayoipoza. Prosesa nyingi, zikikaribia digrii 100, hupunguza mwendo zenyewe, na joto likizidi mashine hujizima ili isiungue. Ndivyo ilivyofanya namba 7. Haikuwa na wazimu, ilikuwa ikijiokoa.

Tena sisi tulio karibu na ziwa tuna shida ambayo watu wa Mombasa na Tanga hawana. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na Lumino ni juu zaidi kidogo. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama sehemu moja ya nane. Feni ile ile, ikizunguka kwa mwendo ule ule, hubeba mzigo mdogo zaidi wa joto hapa kuliko Mombasa. Si tofauti ya kutisha, lakini mashine iliyokwisha kuzibwa nusu haina cha kusamehe.

Wazee wetu Wasamia walisifika kwa kufua chuma, na majembe yao yaliuzwa mbali kabla ya majembe ya Ulaya kufika. Wao walijua habari za hewa. Mvukuto ukipasuka, au mdomo wake ukiziba kwa udongo, chuma hakiivi. Kwao hewa ililisha moto wa makaa. Katika kompyuta hakuna kinachowaka, kwa hiyo hewa haina la kulisha, kazi yake ni kubeba joto tu. Lakini sharti ni lile lile: hewa iwe na njia ya kuingia, na iwe na njia ya kutoka, na katikati ipite mahali inapotakiwa. Hata sigiri ya jikoni ina mlango wake chini. Ukiuziba mlango ule, utapepea mpaka uchoke.

Sasa nieleze kosa langu la kuvua kifuniko. Kasha limetengenezwa kama nyumba yenye mlango mbele na mlango nyuma. Hewa baridi huingia mbele upande wa chini, hupita juu ya diski, kumbukumbu na prosesa, halafu hutolewa nyuma upande wa juu na feni ya nyuma pamoja na feni ya sanduku la umeme. Kifuniko cha ubavuni ndicho ukuta unaoilazimisha hewa kufuata njia hiyo. Ukikiondoa, feni ya nyuma huvuta hewa ya karibu yake tu, ile ya ubavuni, na vitu vya mbele hukaa katika hewa iliyosimama. Ni kweli kwamba prosesa yenye feni yake hupata hewa mbichi na kupoa kidogo, na hilo ndilo lililonidanganya juma la kwanza. Lakini sasa vumbi halina mlango tena. Laingia popote, mchana na usiku, hata mashine ikiwa imezimwa. Na wadudu nao huingia. Ndani ya mashine moja nilikuta mabawa ya kumbikumbi, na katika nyingine nyigu alikuwa ameanza kujenga nyumba ya udongo katika tundu la nyuma.

Vumbi letu ni la namna nyingi. Lipo jekundu la murram, ambalo wekundu wake ni kutu ya chuma iliyomo ardhini. Barabara kubwa itokayo Musita kupitia Mayuge mpaka huku, na kwenda Busia na Majanji, sasa ina lami, lakini njia ndogo zinazoingia humo bado ni za udongo, na bodaboda hazipumziki. Lipo vumbi la chaki. Upo moshi wa kuni wa jikoni, ambao una mafuta kidogo, nao hufanya vumbi lishike. Zipo nyuzi za nguo na za mablanketi, na hizi ndizo zinazosuka lile blanketi nililoliona Busia. Vumbi peke yake lingeanguka, lakini likipata nyuzi hujenga. Wenzetu wanaokaa Tororo, mahali patengenezwapo saruji, wajihadhari zaidi, kwa sababu vumbi la saruji likipata unyevu hugeuka gamba. Na sisi sote tukumbuke miezi ya mvua. Vumbi kavu huziba tu, lakini vumbi lililonyonya unyevu wa ziwa laweza kupitisha umeme mahali usipotakiwa na kuzilisha kutu nyaya ndogo.

Baada ya kurudi kutoka Busia nilivirudisha vifuniko vyote sita, nikazisafisha mashine, nikadhani nimemaliza. Baada ya majuma matatu nikafungua moja kutazama. Vumbi lilikuwa limerudi, tena lilikuwa limejipanga kwa namna ya ajabu: kwenye mlango wa mbele lilikuwa dogo, lakini pembeni mwa tundu la sidii, na katika kila ufa wa kasha, palikuwa na mstari mwekundu kama uliochorwa kwa kalamu. Nikaenda kwa mwalimu wetu wa Fizikia. Akanipa kazi badala ya jibu: "Jua kwanza hewa inaelekea wapi."

Basi nikafanya jaribio ambalo kila mmoja wenu aweza kulifanya bila gharama. Nilikata kipande cha karatasi laini, upana wa kidole, nikakifunga kwenye uzi, nikakining'iniza mbele ya kila tundu mashine ikiwa inafanya kazi. Penye hewa inayoingia, karatasi hushika kwenye tundu. Penye hewa inayotoka, hupepea kwenda mbali. Kisha nikawasha dawa ya mbu ya kuzunguka, nikausogeza moshi wake kwenye nyufa kwa nje. Nikaona moshi unanyonywa ndani kwa kila ufa. Nikaja kwenye feni ya mbele, na hapo nikashangaa: karatasi ilipepea kwenda nje! Feni ile ilikuwa imegeuzwa. Badala ya kuingiza hewa ilikuwa ikiitoa, na feni za nyuma nazo zilikuwa zikitoa. Feni zote zatoa, hakuna inayoingiza. Wakati huo hewa haina budi kuingia kwa nyufa, kwa sababu feni haziwezi kutoa kisichoingia.

Kuijua feni inavyoelekea si kazi ngumu. Tazama upande wenye mikono midogo inayoshika injini katikati. Hewa hutokea upande huo. Tangu siku ile sijafunga feni bila kutazama.

Sisi tunaoishi mpakani tutalielewa jambo hili upesi. Pale Busia kuna kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi na marais wa nchi zetu mbili mwezi wa Februari 2018, ambapo msafiri hukaguliwa na maofisa wa pande zote mbili mahali pamoja, katika nchi anayoingia. Lakini sote twajua kwamba ziko pia njia za panya, katikati ya nyumba na mashamba, na magendo hayapiti kituoni. Kasha la kompyuta nalo ni hivyo. Feni zinazotoa zikiwa na nguvu kuliko zinazoingiza, ndani ya kasha hewa huwa pungufu, na hewa ya nje huja kwa kila njia ya panya, pamoja na magendo yake ambayo ni vumbi. Feni zinazoingiza zikiwa na nguvu kidogo kuliko zinazotoa, ndani hewa huwa ya ziada, nayo hutoka kwa nyufa zile zile. Ufa ambao hewa yatoka, vumbi haliwezi kuuingia. Hapo hewa yote inayoingia hupita mlango mmoja, na kwenye mlango ule unaweza kuweka mkaguzi, yaani chujio.

Ndivyo tulivyofanya. Feni ya mbele tuliigeuza iingize. Katika makasha yenye nafasi tuliweka feni kubwa ya milimita 120 badala ya ile ya 80, kwa sababu feni kubwa hupitisha hewa nyingi ikizunguka polepole, wala haipigi kelele. Matundu yasiyokuwa na kazi nyuma ya kasha, pale palipotolewa vibao, tuliyaziba kwa karatasi ngumu na gundi ya utepe. Lakini jihadharini msizibe matundu ya kutolea hewa. Mbele ya feni ya kuingiza tulifunga chujio la wavu wa dirishani wa kuzuia mbu, juu yake tukavuta kipande cha soksi nyembamba ya kike ya nailoni. Mwalimu mmoja wa kike alitupa soksi zake zilizochanika, nasi twamshukuru.

Chujio lina sharti lake, nami nalisema kwa sauti kubwa: chujio chafu ni baya kuliko kukosa chujio. Kila kinachozuia vumbi huzuia na hewa kidogo. Likijaa, mashine hufa kwa kukosa pumzi huku ndani yake ni safi. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi twayatoa yote, twayaosha kwa maji na sabuni, twayaanika mpaka yakauke kabisa, kisha twayarudisha. Asiyeweza kuahidi kazi hii asifunge chujio, bali asafishe ndani mara kwa mara.

Kuhusu kusafisha ndani, nina maonyo machache ambayo mengine nimeyapata kwa kuonywa na mengine kwa kukosea.

Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, ngoja kidogo. Kabla ya kugusa kitu cho chote ndani, shika chuma cha kasha, ili umeme tuli ulio mwilini mwako utoke huko usije ukaua kibao. Mpeleke mgonjwa nje, mahali ambapo upepo utayachukua mavumbi mbali nawe na mbali na madirisha, ukafunge kitambaa puani. Mwenzetu mwenye pumu hatumruhusu kazi hii hata akiomba.

Tumia brashi laini ya rangi isiyopata kutumika, pamoja na blowa ya mkono. Unapopuliza feni, izuie mabawa yake kwa kidole au kwa njiti. Upepo mkali huizungusha kuliko mwendo iliyotengenezewa, ukaiharibu. Wengine hupeleka kompyuta kwa mtu wa kujaza magurudumu wapulize kwa kompresa. Upepo ule ni mkali mno, tena mara nyingi huja na maji na mafuta yaliyokaa tangini. Nalifanya mara moja, na ubao mkuu wa mashine ile haukuamka tena.

Sanduku la umeme usilifungue kamwe. Ndani yake mna vifaa vinavyoshika umeme mkali hata baada ya waya kuchomolewa. Lipulize kwa nje, kupitia matundu yake, ukomee hapo.

Ukikitoa kile kipande chenye mapezi, kumbuka kwamba kati yake na prosesa kuna pesti ya kupitisha joto, ambayo baada ya miaka hukauka kama udongo. Ifute kwa spiriti, upake mpya kiasi cha punje ya mchele, usizidishe. Kazi yake ni kujaza vijishimo ambavyo jicho halivioni.

Lakini kasha si dunia nzima. Hewa ya ndani ya kasha haiwezi kuwa na baridi kuliko hewa ya chumbani, wala safi kuliko njia inayopitia. Kwa hiyo tulibadili na chumba. Makasha yaliyokuwa sakafuni tuliyapandisha mezani, kwa maana vumbi zito hutembea chini, penye miguu na ufagio. Tuliyatenga na ukuta kwa shibiri moja ili hewa ya moto isirudi kuingia. Hatufagii tena kwa ufagio mkavu. Twapiga deki kwa kitambaa chenye maji. Madirisha ya upande wa njia twayafunga, na yale ya upande wa majani twayafungua. Viatu vyabaki mlangoni.

Tuliwahi kudhani kwamba madirisha hufunguliwa kwa ajili ya mashine. Siku moja tukapiga hesabu. Mashine 18 za wati 100 hutoa wati 1,800. Mtu aliyekaa kimya naye hutoa joto la kama wati 100. Tukiwa wanafunzi 40 chumbani ni wati 4,000. Kumbe sisi ndio tunaozichoma kompyuta, wala si zenyewe! Tangu hapo hatuingii zaidi ya wawili kwa kila mashine, na wanaongojea zamu hungoja nje.

Wako pia wanaosema kwamba joto hupanda juu lenyewe, basi feni si lazima. Ni kweli kwamba hewa ya moto hupanda, lakini ndani ya kasha dogo nguvu hiyo ni ndogo sana mbele ya feni hata iliyo dhaifu. Isaidie kwa kutolea hewa juu, lakini usiitegemee. Na wako akina mama na mashangazi zetu wanaofunika kompyuta kwa kitambaa kizuri cha kushonwa. Kitambaa ni dawa njema sana mashine ikiwa imelala. Mashine ikiamka, kitambaa kitoke kwanza, hata kama kimeshonwa kwa ajili ya harusi.

Mwaweza kuuliza matokeo. Siku fundi alipoifungua namba 7, kurasa zake za ndani zilisoma joto la prosesa digrii 88 bila kazi yo yote. Leo, katika chumba kile kile na bati lile lile, husoma 57. Fedha zote tulizotumia hazikufika bei ya kompyuta moja kuukuu. Lakini sitaki kujisifu tena kama nilivyojisifu Februari. Katika mashine 18 zilizokuwapo, tatu hazikupona, na mojawapo ni ile niliyoipeleka kwenye kompresa. Tumebaki na 15, na watahiniwa ni wengi, kwa hiyo karatasi ya vitendo itafanywa kwa zamu.

Rafiki yangu nilimwambia ukweli Jumamosi ya kwanza ya kuosha machujio. Alikuwa amepita kuchukua kitabu. Nilimweleza habari ya kifuniko, tangu mwanzo mpaka mwisho. Alinitazama kwa muda, akaniuliza, "Sasa namba 7 ni nzima?" Nikamwambia ni nzima. Akasema, "Basi mtihani wa mwisho nitaufanya kwenye hiyo hiyo, nawe utakuwa umeikagua." Kisha akakunja mikono ya shati, akachukua beseni. Hajakosa Jumamosi hata moja tangu siku hiyo.

Sasa nina maneno mawili ya mwisho. La kwanza ni kwenu wazee wetu, mliosoma hapa mkaenda. Wengi wenu mna maduka ya kuchapisha na kupiga picha za pasi huko Busia na Malaba, na mashine zenu zimekaa kwenye kaunta inayotazama barabara. Zigeuzeni mdomo wake usitazame lori. Na wale wenye moyo wa kutuletea kompyuta zilizokwisha kutumika maofisini, tunawashukuru sana. Ila tunawaomba mzifungue kabla ya kuzituma, mtazame mapezi, kwa sababu mashine iliyozibwa huja kwetu na kufa mikononi mwetu, kisha watu husema shule haitunzi mali.

La pili ni kwenu wadogo zangu wa Kidato cha Tatu na cha Tano. Mimi naondoka mwisho wa mwaka huu. Bisibisi, brashi, blowa na soksi za akiba zimo katika kabati la chumba cha kompyuta, rafu ya chini, na daftari la joto la kila mashine limo juu yake. Andikeni humo kila Jumamosi. Mashine ambayo namba zake zinapanda juma hata juma yawaambia jambo kabla haijazimika. Na mtu akiwashauri mvue vifuniko kwa sababu ya joto, mwonyesheni makala hii.

Mimi wenu,
Msimamizi wa Chumba cha Kompyuta,
Kidato cha Sita